Sauti Mbili za Mzee Gurumo: Matembezi kutoka Kariakoo hadi Mchikichini

Kati ya Mtaa wa Lumumba, unaopakana na Kariakoo kwa upande wa mashariki, na eneo la Karume, ambako Barabara ya Uhuru hukutana na Barabara ya Kawawa pembezoni mwa kata ya Mchikichini, pana mwendo wa miguu wa kama nusu saa kwa mtu mwenye magoti mazima, ijapokuwa mikokoteni, bajaji na bidhaa zilizotandazwa hadi katikati ya njia huweza kuurefusha mara mbili. Safari ya namna hiyo huwa haiandikwi, kwa kuwa wakazi wa Dar es Salaam huifanya kila siku kwa ajili ya kununua na kuuza. Lakini msafiri anayezungumziwa katika makala haya, mtu aliyekwisha kuvuka miaka hamsini na ambaye nyimbo za bendi zilimfikia utotoni kwa njia ya redio ya nyumbani kwao, aliifanya kwa shabaha nyingine, nayo ni kuchunguza jinsi kazi ya msanii aliyemtangulia kwa umri inavyoweza kumfaa mtu ambaye naye ameanza kuzeeka. Msanii aliyechaguliwa ni Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji na mtunzi aliyezaliwa mwaka 1940 wilayani Kisarawe, akaimba mbele ya hadhara kwa takribani nusu karne, na akafariki dunia jijini Dar es Salaam mwezi Aprili 2014.

Gurumo alikuwa mtu wa muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi za mjini unaopigwa kwa magitaa ya umeme, tumba, drams na ala za kupuliza, ambao chimbuko lake katika Tanganyika ni vilabu vya dansi vya kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ambao ulinawiri baadaye kwa kuchota katika rumba ya Kuba iliyofika kwa santuri, katika muziki wa Kongo, na katika ngoma za pwani na za bara. Wimbo wa aina hii kwa kawaida huwa na sehemu mbili: ya kwanza huenda taratibu, na ndani yake waimbaji husimulia kisa, hutoa malalamiko au nasaha kwa beti zilizopangwa, ya pili huitwa chemko, ambamo magitaa na tarumbeta hutangulia mbele, waimbaji wakabaki na vipande vifupi vya kuitikiana, na wachezaji wakajaa uwanjani. Mgawanyo huo unapaswa kukumbukwa, kwa sababu hoja ya makala haya imejengwa juu yake: katika sehemu ya kwanza umri wa mwimbaji husikika waziwazi, na katika ya pili umri huo hubebwa na watu kumi au zaidi kwa pamoja.

Kariakoo ndipo mahali pa kuanzia, na sababu yake haihusu soko la vyakula wala maduka ya jumla, bali inahusu namna muziki wa dansi ulivyohifadhiwa na kusambazwa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri. Bendi zilizotaka santuri zilitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo ikawa ngumu mno. Kilichobaki ni Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo iliziita bendi katika studio yake ya Barabara ya Pugu, leo Barabara ya Nyerere, ikazirekodi kwenye kanda kubwa za sumaku, kwa kawaida bendi nzima ikipiga kwa pamoja bila ya kila ala kurekodiwa peke yake, na ikazirusha nyimbo hizo hewani miaka nenda miaka rudi. Wasikilizaji walizinasa kutoka redioni na kuziweka kwenye kaseti, kaseti zikanakiliwa tena madukani, na leo nyimbo zile zile hupakiwa kwenye flashi na kadi za simu na vijana ambao wengi wao walizaliwa baada ya rekodi hizo kufanywa. Kwa kuwa ubora ulipungua kila kaseti iliponakiliwa, mvumo wa redio ya wakati ule umebaki ndani ya nyimbo zenyewe, na baadhi ya wapenzi wa bendi wameuzoea kiasi kwamba rekodi iliyosafishwa huwachukiza.

Jambo ambalo mnunuzi wa flashi hizo aghalabu halitambui ni kwamba zinamhifadhi Gurumo kijana. Nyimbo nyingi zinazouzwa kwa jina la zilipendwa, jina linalojumuisha nyimbo za bendi za tangu miaka ya 1960 hadi ya 1980, ziliimbwa na watu ambao hawakuwa wamefika makamo: Gurumo alipojiunga na bendi ya NUTA Jazz mwaka 1964 alikuwa na umri wa miaka 24, na alipohamia bendi ya Mlimani Park mwaka 1978 alikuwa na miaka 38. Kwa hiyo msikilizaji mwenye miaka hamsini na kitu anayezinunua leo anamsikiliza mtu mdogo kuliko yeye, ingawa kwa adabu anamwita mzee, na anachokitafuta ndani yake ni ujana wake mwenyewe, yaani sebule ya nyumbani kwao, redio juu ya kabati, na sauti za watu wazima ambao sasa hawapo. Starehe hiyo ni halali na haina haja ya kukemewa. Hata hivyo, haiwezi kumfundisha mtu namna ya kuzeeka, kwa sababu mwalimu mwenyewe, katika rekodi hizo, bado hajazeeka. Na mtu mwenye haja ya somo hilo hana budi kuzifuata rekodi za mwisho, na zaidi ya hapo kuzifuata kumbi ambamo wazee walisimama na kuimba nyimbo za ujana wao kwa pumzi ya uzeeni.

Kosa hilo la kumhesabu msanii kijana kuwa mzee halimhusu Gurumo peke yake, kwani linajitokeza hata katika jengo maarufu kuliko yote ya Kariakoo. Soko kuu, lenye mapaa ya zege yaliyoelekezwa juu ili kukusanya maji ya mvua, lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na watu wengi wanaolitaja jina lake hulitaja kama jina la mzee wa fani, ilhali aliyelichora alikuwa bado hajatimiza miaka arobaini. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza, likahitaji ukarabati mkubwa ulioambatana na ujenzi wa jengo jipya kando yake, na katika mjadala wa wakati ule wapo waliogundua kwa mara ya kwanza kwamba soko walilopita kila siku lilikuwa na mtunzi. Kutoka hapo msafiri huvuka Mtaa wa Msimbazi, yaliko makao ya klabu ya Simba, mahali ambapo ni vigumu kupita siku ya mechi bila kuulizwa upande wako, na hushika Barabara ya Uhuru kuelekea magharibi.

Mchikichini ni kata ya Ilala iliyo kando ya bonde la Mto Msimbazi, na katika nchi nzima inajulikana zaidi kwa mitumba, yaani nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa ng'ambo na kuletwa kwa marobota yaliyofungwa kwa kamba za plastiki. Wachuuzi huamka alfajiri kufungua marobota hayo, wakatenganisha gredi ya kwanza na zile zinazofuata, na nguo nzuri huondoka kabla ya jua kupanda. Soko hilo, ambalo wengi huliita pia Soko la Karume, liliungua vibaya usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari 2022, miezi sita tu baada ya moto wa Kariakoo, na wafanyabiashara wakarudi kujenga upya mahali pale pale. Pembeni mwa meza za mitumba hukaa mafundi cherehani, ambao kazi yao ni kuchukua koti lililokatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine, wakatengua mishono, wakaingiza mabega na kupandisha mikono, bila kuharibu kola ambayo ndiyo iliyomfanya mnunuzi alipende. Na ikiwa pana kazi inayofanana na ile wanayoifanya bendi za wazee wanapoukata upya wimbo wa mwaka 1970 uwatoshe waimbaji wenye miaka sabini, basi ni hiyo.

Eneo la Karume lina Uwanja wa Karume na ofisi za Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, lakini kwa historia ya muziki jambo la kutazamwa ni barabara inayopita pale. Barabara ya Kawawa imepewa jina la Rashidi Kawawa, ambaye umma unamkumbuka kama Waziri Mkuu na Makamu wa Rais, na ambaye kabla ya hapo alikuwa mwigizaji wa sinema: mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mhusika mkuu katika filamu ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu. Ni Kawawa huyo huyo aliyeliongoza Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, lililoundwa mwaka 1955. Na baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 serikali ililivunja shirikisho hilo na kuunda chama kimoja cha wafanyakazi kwa nchi nzima, kilichojulikana kwa kifupi kama NUTA. Chama hicho, katika mwaka wake wa kwanza, kilianzisha bendi, nayo ikaitwa NUTA Jazz.

Haitoshi kusema kwamba NUTA Jazz ilikuwa bendi nzuri. Kilichoipa uzito ni utaratibu wake wa ajira. Wanamuziki wa bendi za awali walikuwa wanachama wa vilabu au vibarua wa mwenye vyombo, yaani mtu aliyemiliki magitaa na vipaza sauti, na ambaye angeweza kumwondoa mpigaji wakati wowote. Wanamuziki wa NUTA waliajiriwa na chama, wakalipwa mshahara wa kila mwezi, wakahesabiwa kama wafanyakazi wengine, na mfano huo ukafuatwa na mashirika mengi ya umma, jeshi, polisi na Jeshi la Kujenga Taifa. Wahakiki wengi wa muziki huo wameeleza, na kwa haki, kwamba mpango huo uliifanya bendi kuwa chombo cha kuhubiria siasa za serikali. Lakini ulifanya pia jambo ambalo halijatajwa vya kutosha, nalo ni kumwezesha mwimbaji kuzeeka kazini. Mtu aliyelipwa kwa mwezi hakulazimika kuwa wa kwanza kila usiku. Angeweza kuugua akarudi, angeweza kupoteza sauti ya juu akapewa ya chini, na angeweza kumfundisha mdogo wake bila kuogopa kwamba kwa kufanya hivyo anajifuta jina.

Mfano ulio wazi zaidi wa kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine ndani ya muziki uleule ni wa Michael Enoch, ambaye katika miaka ya 1960 alijulikana kama mpiga gitaa wa Dar es Salaam Jazz Band, na ambaye baadaye, akiwa kiongozi wa Mlimani Park, alijulikana kwa saksafoni, ala ambayo wapenzi wa dansi huiita domo la bata, na kwa upangaji wa vyombo, yaani kazi ya kuamua kila ala iingie wapi, inyamaze lini na ijibu nini. Vijana waliimba mbele, naye akawa nyuma yao akiwatengenezea mahali pa kuimbia. Ikiwa msafiri wa makamo anatafuta katika historia hii mtu wa kumwiga, Enoch huenda akamfaa kuliko hata Gurumo, kwa kuwa wengi wa wanaozeeka hawakuwahi kuwa waimbaji wa mbele.

Ukumbi ambao NUTA Jazz, bendi ya wafanyakazi, ilihusishwa nao kwa miaka mingi ni wa Amana, ulioko Ilala, mwendo mfupi kutoka Karume kwa Barabara ya Uhuru. Jina la chama lilibadilika kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha OTTU mwaka 1991, na bendi ikabadilika jina pamoja nacho kila mara, mpaka ilipojitegemea na kubaki na jina ambalo mashabiki walikuwa wakilitumia tangu zamani, Msondo Ngoma. Msondo ni ngoma ndefu na nyembamba inayopigwa kwa viganja, mpigaji akiwa ameiweka kati ya mapaja, na katika pwani hutumika katika unyago, yaani mafunzo na sherehe za kumwingiza msichana katika utu uzima. Kwa hali hiyo ni ngoma ya makungwi, wanawake ambao wamekwisha kuolewa, kuzaa na kuzika, na ambao hakuna anayewauliza kama wamepitwa na wakati, kwa kuwa umri wao ndio unaowapa ruhusa ya kuipiga.

Mpigaji wa msondo aliyejulikana kuliko wote duniani ni Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, wa Zanzibar, ambaye ziara zake za Ulaya zilimkuta akiwa bibi mzima, akapokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na akafariki Aprili 2013. Bi Kidude aliimba hadi mwisho nyimbo za Siti binti Saad, mwimbaji aliyemtangulia kwa kizazi kizima, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili na kufariki mwaka 1950. Anayezisikiliza sauti hizo mbili kwa kufuatana atashangaa jinsi zilivyo mbali: ya Siti ni nyembamba na ya juu, yenye mapambo mengi ya koo, na ya Bi Kidude ni nzito, yenye mikwaruzo ya sigara, isiyo na haraka ya kufika popote. Hakumwiga Siti, na laiti angejaribu kumwiga katika umri ule angechekesha. Alichukua maneno na mwendo wa nyimbo, akaviteremsha hadi mahali ambapo koo lake lilikuwa limefika, na matokeo yake ni kwamba maneno yaliyokuwa malalamiko ya mwanamke aliye katikati ya mambo yakawa taarifa za mtu aliyekwisha kuyapitia.

Bendi iliyochukua jina la ngoma hiyo ilikuwa bendi ya wanaume, na waasisi wake hawakuwa wakifikiria makungwi. Wala Mlimani Park haikufikiria uzee ilipouita mtindo wake Sikinde, kwa kuazima ngoma ya Wazaramo, watu wa Kisarawe alikotoka Gurumo. Mtindo, katika lugha ya bendi, ni jina la namna ya upigaji na uchezaji ambalo kundi hujitambulisha nalo, na ambalo hudumu hata wanamuziki wakihama, wakiugua au wakifa. Hata hivyo, kwa kujiita kwa majina ya ngoma badala ya majina ya nyota wao, makundi haya mawili yalijiwekea msingi ambao bendi za mtu mmoja hazina. Jina la mtu huzeeka naye. Msondo na Sikinde zingeweza kuwa na mwimbaji wa miaka ishirini na mwimbaji wa miaka sabini katika mstari mmoja, na shabiki asione ajabu.

Sauti ya mwanamume inapozeeka haipotei kwa ghafla, bali hubadilika kwa namna ambayo wataalamu wa koo wameieleza vizuri: gegedu za zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichoko kooni, hukakamaa, nyuzi za sauti hupungua unene, kwa hiyo sauti huwa nyembamba zaidi na kuanza kutetema, na kifua kikashindwa kuhifadhi pumzi ya kumaliza mstari mrefu. Kwa wanawake mwelekeo huwa kinyume, sauti ikashuka, kama ilivyosikika kwa Bi Kidude. Mwimbaji wa peke yake anayekutwa na mabadiliko hayo ana njia chache: kupunguza ufunguo wa wimbo, kuukata mstari katikati, au kuacha. Mwimbaji wa bendi ana njia ya nne, ambayo ni kuingia ndani ya wenzake. Uimbaji wa dansi wa Tanzania hupenda sauti mbili au tatu zinazokwenda sambamba, na mwenye pumzi fupi anaweza kuanzisha mstari akauachia wengine waumalize, au akawaachia mwanzo akaja kuutilia uzito mwishoni. Katika miaka ambayo TX Moshi William, aliyefariki mwaka 2006, na baada yake Shaaban Dede, aliyefariki mwaka 2017, walikuwa miongoni mwa waimbaji wakuu wa Msondo, msikilizaji makini humpata Gurumo ndani ya kundi zaidi kuliko mbele yake, na huko ndani anafanya kazi ambayo kijana hawezi kuifanya, kwa kuwa kijana bado anataka asikike.

Huko Ulaya pana nadharia mashuhuri kuhusu kazi za mwisho za wasanii. Mwanafalsafa wa Kijerumani Theodor Adorno alichapisha mwaka 1937 insha juu ya Beethoven wa miaka ya mwisho, na mhakiki Edward Said, Mpalestina aliyefundisha New York, aliendeleza wazo hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 2006, miaka mitatu baada ya kifo chake. Kwa ufupi, wote wawili walikataa dhana kwamba msanii mzee hufikia utulivu na kupatana na ulimwengu. Walisema kwamba wakubwa wa kweli, wanapokaribia mwisho, huwa wakaidi, kazi zao zikawa na mipasuko isiyozibwa, na wao wenyewe wakajitenga na zama zao. Ni hoja yenye nguvu, na inamwokoa msomaji na habari nyingi za uongo kuhusu busara ya wazee. Lakini msafiri aliyefika Amana anaiona imefinyangwa kwa ajili ya mtu anayeandika peke yake chumbani. Beethoven alikuwa kiziwi na hakuhitaji kumsubiri mpiga tumba. Mzee wa Msondo hakuwa na nafasi ya kujitenga, kwa kuwa wimbo wenyewe usingepigika. Ukaidi wake, kama alikuwa nao, ulikuwa wa kuendelea kusimama jukwaani katika mji ambao redio zake zilikuwa zimehamia Bongo Fleva, muziki wa vijana unaotengenezwa kwa kompyuta, na ambao hauhitaji bendi ya watu kumi na wanne wenye kutaka nauli ya kurudi nyumbani saa nane za usiku.

Tena Gurumo hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja, na hilo ni sehemu ya mafunzo yake ambayo sifa za rambirambi huelekea kuiruka. Mwaka 1978 aliiacha bendi ya wafanyakazi akawa miongoni mwa waliounda Mlimani Park, iliyochukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ambalo ukumbi wake wa Kariakoo ukawa nyumba ya Sikinde. Mwaka 1985 alivutwa pamoja na wenzake kadhaa, wakiwemo Hassan Bitchuka na Abel Balthazar, kwenda Orchestra Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara Hugo Kisima, ambako walianzisha mtindo wa Ndekule. Bendi hiyo ya mtu binafsi haikudumu, na Gurumo akarudi kwenye kundi la ujana wake akiwa na umri wa kama miaka hamsini. Hapo ndipo, kwa maoni ya makala haya, maisha yake yanapomfaa msomaji wa makamo kuliko mahali pengine popote. Kundi alilorejea halikuwa lile aliloliacha: mwajiri amebadilika jina, wapigaji wengine wamekufa, mpiga gitaa la solo alikuwa Said Mabera, ambaye alikuwa amelitumikia kundi hilo tangu miaka ya 1970, na kiti cha mwimbaji mkuu kilikuwa na mwenyewe. Alirudi kama mgeni katika nyumba aliyoijenga, na badala ya kudai chumba chake cha zamani akapokea alichopewa, kisha akaimba hapo kwa miaka zaidi ya ishirini, muda mrefu kuliko ule wa ujana wake wote katika NUTA Jazz.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikuwa mepesi. Mishahara ya chama iliisha pamoja na siasa zilizoileta, mashirika ya umma yakavunja bendi zao au kuziacha zijitafutie, na nyimbo zilizorushwa na redio kwa miaka mingi hazikuwa zimewaletea watunzi wake malipo ya maana, kwani sheria ya hakimiliki na hakishiriki ilitungwa mwaka 1999 tu, na chombo chake, COSOTA, kikaanza kazi baada ya hapo, wakati nyimbo zenyewe zilikuwa zimekwisha kunakiliwa Kariakoo mara zisizohesabika. Mwaka 2013, akiwa na miaka 73 na afya iliyodhoofika, Gurumo alitangaza kustaafu, na umma ukapata kujua jinsi alivyokuwa na mali kidogo. Mwaka huo huo Diamond Platnumz, nyota wa Bongo Fleva ambaye alizaliwa mwaka 1989, baada ya Gurumo kuwa ameimba katika bendi zake zote tatu kubwa, alimzawadia gari mbele ya waandishi wa habari. Magazeti yaliandika juu ya ukarimu wa kijana na unyonge wa mzee, na habari ikaishia hapo. Haikuulizwa sana ni nani waliouza kaseti za Sikinde na Msondo kwa miaka thelathini bila ya mtunzi kupata senti.

Msafiri anayefika Ilala sasa hamkuti Gurumo, na wala hawakuti Dede na TX Moshi. Anachokikuta ni bendi ambayo bado inapiga, yenye waimbaji walioingia wakiwa vijana wakasimama kando ya wazee hao, na ambao sasa ndio wazee. Anakuta pia hadhira ya watu wa rika lake, waliokuja na wake zao, wanaojua ni wakati gani beti zinakwisha na chemko linaanza, na ambao hawainuki vitini mpaka hapo. Baadhi yao huimba sehemu ya kiitikio kwa sauti ya chini huku wakiendelea na mazungumzo. Wimbo wa Msondo uitwao Kilio cha Mtu Mzima ni miongoni mwa zile wanazoziomba, na wanaouomba siku hizi wamekwisha kuwa watu wazima wenyewe. Siku za sikukuu, Msondo na Sikinde wanapokutanishwa kwenye viwanja vya TCC Chang'ombe, kila kundi na jukwaa lake, watu hao hao hugawanyika pande mbili na kubishana ni bendi ipi iliyo bora, ubishi ulioanza mwaka 1978 na ambao Gurumo, aliyeimba pande zote mbili, hakuwahi kuumaliza.